Jengo la watoto kwa udongo wa kijijini: uchambuzi wa kisa kimoja cha ukanda wa kati

Kisa na sababu ya kukiandika

Kisa hiki kinahusu kijiji kimoja cha ukanda mkavu wa kati nchini Tanzania, ambako wananchi, wakisaidiwa na shirika dogo la hisani na mbunifu majengo aliyejitolea, walijenga jengo la kulelea watoto wadogo kwa udongo uliochimbwa hapohapo. Majina ya kijiji, ya shirika na ya watu wote waliohusika yameondolewa, pamoja na mambo madogo ambayo yangeweza kuwatambulisha. Kilichoachwa ni mfuatano wa maamuzi, sababu zake, na yaliyotokea mvua ziliponyesha, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayoifaa kamati ya ujenzi, fundi au mbunifu atakayekabidhiwa kazi ya namna hii.

Nilifuatilia ujenzi huo tangu mkutano wa kwanza wa kijiji hadi masika ya pili baada ya jengo kufunguliwa. Ninaamini kwa dhati kwamba udongo unafaa kujengea watoto, na kisa hiki kimenizidishia imani hiyo. Lakini kimeonyesha pia kwamba hatima ya jengo la udongo huamuliwa na mambo mawili ambayo michoro huyataja kwa uchache: njia ambayo maji yatapita, na nafasi wanayopewa watu wa mahali hapo wanaoujua udongo wao.

Usuli

Watoto wa miaka mitatu hadi mitano walikuwa wakikusanywa kila asubuhi katika ghala la mazao la kijiji, wakilelewa na akina mama wawili waliolipwa kwa michango ya wazazi, mara fedha, mara debe la mtama. Baada ya mavuno ghala lilijaa magunia na watoto walihamia chini ya mti. Serikali ilipozindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwezi Desemba 2021, maofisa wa ustawi na wa maendeleo ya jamii walianza kuvihimiza vijiji kuanzisha vituo vya kijamii. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kilitumia nafasi hiyo kupeleka ombi kwenye halmashauri ya kijiji, nayo ikatenga kiwanja karibu na shule ya msingi, penye mteremko mdogo unaoelekea korongoni.

Makubaliano ya gharama yalikuwa mepesi: shirika lingenunua mabati, mbao, nondo na kiasi fulani cha saruji, na wananchi wangetoa udongo, mawe, mchanga, maji na nguvu kazi.

Hali ya hewa ya mahali hapo inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo iliyoongoza karibu kila uamuzi. Eneo la Dodoma na jirani zake hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na wastani wa Dodoma ni takriban milimita 570 kwa mwaka. Kiasi hicho ni kidogo, lakini huja kwa vishindo, na mvua moja ya alasiri inaweza kuchimba mtaro pembeni ya nyumba. Wakati wa kiangazi upepo mkali wa kutoka mashariki na kusini mashariki husukuma vumbi, na ifikapo Oktoba na Novemba chumba chenye bati tupu bila dari hakikaliki mchana.

Huko ndiko kwenye tembe, nyumba ya kuta za miti iliyokandikwa udongo na paa la bapa lililofunikwa udongo juu ya boriti na fito. Katika miaka ya 1970, operesheni ya vijiji na kampeni za nyumba bora ziliwahimiza watu waachane nayo, na tangu hapo maendeleo ya kaya hupimwa kwa tofali la kuchoma na bati. Mbunifu alikuwa anafika kijijini na pendekezo la udongo kwa watu walioelezwa kwa miongo kadhaa kwamba udongo ni dalili ya ufukara.

Mkutano wa kwanza na kuta za majaribio

Katika mkutano mkuu wa kijiji pendekezo lilipingwa waziwazi. Mzee mmoja anayeheshimiwa alieleza kwamba wao walizaliwa kwenye tembe, wakahangaika hadi wakapata nyumba za tofali, na hawaoni sababu ya wajukuu wao kurudishwa walikotoka wao. Wengine walitaja mchwa, na wengine walitaja nyumba zilizoanguka mvua zikiwa nyingi.

Mbunifu alikuwa amebeba picha za shule ya msingi ya Gando nchini Burkina Faso, iliyosanifiwa na Francis Kéré na kukamilika mwaka 2001, ambayo kuta zake ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na ambayo paa lake la bati limeinuliwa juu ya dari ili joto litoke. Picha zilipendwa, ila hazikumshawishi mtu, kwa kuwa Burkina Faso ni mbali na picha hainyeshewi. Kilichosaidia ni kwamba mbunifu hakubishana na mzee. Aliukubali upinzani ule kuwa ni taarifa za kiufundi, akaorodhesha mbele ya watu kasoro za tembe walizozitaja, yaani unyevu unaopanda kutoka chini, mchwa, giza na paa zito linalovuja, kisha akasema kwamba mchoro wowote usioziondoa kasoro hizo usikubaliwe.

Mkutano uliafiki kujenga kwanza kuta tatu fupi za majaribio kwenye kiwanja chenyewe, kila moja ikifika kiunoni. Ya kwanza ilikuwa ya matofali mabichi bila saruji, ya pili ya matofali ya kufungamana, yaani yanayoingiana na kushikana yakipangwa, yaliyochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, na ya tatu ya matofali ya kuchoma. Nusu ya kila ukuta ilifunikwa kwa kipande cha bati na nusu iliachwa wazi, zikasubiri masika. Shirika halikufurahia, kwa kuwa uamuzi huo uliahirisha ujenzi kwa msimu mzima.

Mvua zilipokwisha, nusu ya wazi ya ukuta wa tofali bichi ilikuwa imeporomoka na kugeuka kichuguu, ilhali nusu iliyokuwa chini ya bati ilikuwa na kingo zilezile za siku ya kujengwa. Ukuta wa matofali ya kufungamana ulikuwa umemeguka pembe chache tu upande wa wazi. Ule wa kuchoma haukuwa umeguswa.

Haki iseme kwamba tofali la kuchoma lilishinda mtihani wa maji. Halikuchaguliwa kwa sababu ya kuni. Tanuru za miaka iliyotangulia zilikuwa zimeuacha kilima cha karibu bila miti mikubwa, kamati ya mazingira ya kijiji ilikuwa imeshaweka zuio, na akina mama waliokuwa wakitembea mbali zaidi kila mwaka kutafuta kuni za kupikia ndio waliosimama mkutanoni kulitetea zuio hilo. Uamuzi ukawa kutumia matofali ya kufungamana kwa kuta za nje, na tofali bichi mahali ambapo mvua haifiki.

Kuutafuta udongo

Mashimo yalichimbwa sehemu nne, na waliokwenda kuyakagua ni mbunifu, mafundi waashi wawili, na bibi mmoja ambaye kijiji kizima humwita panapotakiwa kufinyanga jiko au kusiriba nyumba, yaani kuzipaka kuta udongo laini. Udongo wa juu wenye mizizi na mabaki ya majani uliondolewa hadi kina cha goti, kwa sababu vitu hivyo huoza na kuacha matundu, tena hudhoofisha saruji. Udongo mweusi wa bondeni, ambao ulikuwa karibu zaidi na ungeokoa kazi ya kubeba, bibi aliulowesha, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akatengeneza kijiti kirefu kilichokubali kupindwa bila kukatika, kisha akasema kwamba udongo huo ni wa kupasuka.

Vipimo vilimthibitisha. Cha kwanza kilikuwa cha chupa: udongo hujazwa hadi theluthi ya chupa ing'aavyo, huongezwa maji na chumvi kidogo, hutikiswa na kuachwa usiku kucha, na asubuhi mchanga huonekana umekaa chini, chembe laini katikati na mfinyanzi juu. Cha pili, ambacho kila kamati inaweza kukitengeneza kwa mbao chakavu, ni sanduku ambalo ndani lina urefu wa sentimita 60, upana wa 4 na kina cha 4. Hupakwa mafuta, hujazwa udongo uliolowa, hukaushwa, halafu udongo husukumwa wote upande mmoja ili kupima pengo lililobaki. Udongo wa bondeni ulikatika vipande na pengo lake likapita upana wa vidole vitatu. Hiyo ndiyo tabia ya udongo wa mbuga, ambao huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na ndio huohuo unaopasua misingi ya nyumba nyingi za ukanda huo. Udongo mwekundu wa kando ya barabara, penye mwinuko, uliacha pengo la milimita 20 hivi.

Kwa matofali ya mashine ya mkono, miongozo inayotumika sana inashauri kwamba pengo la kati ya milimita 15 na 30 lipewe sehemu moja ya saruji kwa sehemu kumi na sita za udongo. Mafundi walitaka moja kwa kumi, wakiamini kwamba saruji ikizidi ndipo ubora unapozidi. Jambo hilo liliamuliwa kwa hesabu iliyofanywa hadharani: kwa uwiano wa moja kwa kumi na sita mfuko wa kilo 50 ulitoa takriban matofali 80 ya sentimita 30 kwa 15 kwa 10, na kwa uwiano waliotaka mafundi matofali yangepungua kwa theluthi bila faida ambayo jengo la chini lisilo na ghorofa lingeihitaji.

Unyevu wa mchanganyiko ulipimwa kwa tonge. Fundi alibana udongo mkononi, akaunyosha mkono usawa wa bega na kuuachia ukaanguka kwenye ardhi ngumu. Tonge likitawanyika kama unga, udongo ni mkavu. Likibaki bonge lililobapa, umelowa mno. Likivunjika vipande vinne au vitano, mashine inaweza kuanza kazi. Vijana waliokuwa wakifyatua matofali walilimudu jambo hilo upesi kuliko maelezo yoyote ya ubaoni.

Mchoro na waliouhariri

Jengo lina vyumba viwili vya mita 6 kwa 7, stoo, jiko na baraza la upana wa mita 2.4 linalopita mbele yote. Kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, na zile za mashariki na magharibi hazina madirisha, kwa sababu huko ndiko jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa chini, na upande wa mashariki ndiko vumbi linakotoka. Msingi ni wa mawe na umenyanyuka sentimita 45 juu ya ardhi, ukifungwa kwa karatasi nzito ya nailoni kabla ya kozi, yaani mstari, ya kwanza ya tofali, ili unyevu usipande na mchwa asipate njia iliyojificha. Juu ya madirisha kuta zote zimefungwa kwa lenta ya zege yenye nondo nne. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililopiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi za udongo na za tofali ambazo kuta zake hazikuwa zimefungwa pamoja, na ukanda wa kati nao hutikisika mara kwa mara. Kwa jengo ambalo watoto hulala mchana, lenta haina mjadala.

Mbunifu alitaka kuta za nje pia ziwe za tofali bichi nene, chini ya upenu mpana. Mhandisi wa halmashauri ya wilaya alikataa kuidhinisha tofali lisilo na saruji mahali panapopigwa na mvua, akadai pia nguzo za kuegemeza kila baada ya mita tatu, kwa kuwa ukuta wa matofali ya kufungamana una unene wa sentimita 15 tu. Baada ya mazungumzo, tofali bichi lilibaki kwa ukuta mnene unaotenganisha vyumba na kwa ukuta wa mbele, ambao baraza linaukinga.

Waliouhariri mchoro kwa manufaa makubwa zaidi walikuwa walezi wawili wa ghalani. Walitaka vizingiti vya madirisha viwe sentimita 50 kutoka sakafuni, ili mtoto wa miaka mitatu aone nje akiwa amesimama na asilazimike kukwea. Walitaka milango ifunguke kwa nje, na kila chumba kiwe na miwili. Walieleza pia kwamba mvua kubwa ikipiga bati tupu, hakuna mtoto anayesikia hadithi wala wimbo, na wadogo hulia. Hapo ndipo dari ya mikeka ya matete ilipohama kutoka kwenye mambo ya baadaye na kuingia kwenye bajeti, nayo ikapunguza kelele na joto kwa pamoja. Katika ukuta mnene wa katikati waliomba mashubaka makubwa ya kumtosha mtoto kuingia na kukaa. Ukuta wa unene wa sentimita 45 unaruhusu jambo hilo bila gharama yoyote, na sijui nyenzo nyingine ambayo ingelitoa kwa wepesi ule. Leo mashubaka hayo hayakosi mtu: mtoto aliyechoshwa na wenzake huingia humo, hukunja miguu na kutulia.

Ujenzi, na kisima kilipopungua

Kufyatua matofali kulianza baada ya mavuno na kulikwenda vizuri hadi Septemba. Tofali lenye saruji linahitaji kunyweshwa na kufunikwa kwa siku saba ili saruji ikomae, na maji yote yalitoka kwenye kisima kimoja cha pampu. Foleni iliporefuka, akina mama waliokuwa wakichota maji ya ujenzi walisimamisha kazi hiyo na kuchota ya nyumbani kwanza. Hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Lakini kamati haikuwa na mpango wa pili, na kwa kipindi kifupi matofali mapya yaliwekwa juani na kunyunyiziwa mara moja kwa siku.

Fundi mkuu aligundua hitilafu alipoona kingo zinameguka mikononi mwa wabebaji. Alitumbukiza matofali machache ya kundi hilo kwenye pipa la maji usiku kucha pamoja na mengine ya kundi la awali, na asubuhi akayakwaruza yote kwa msumari. Ya awali yalipata mchubuko tu. Katika yale mapya msumari ulizama. Baadhi ya wajumbe wa kamati walitaka yatumike hata hivyo, kwa kuwa jasho la watu lilikuwa limeshamwagika. Kamati iliamua yatengwe yote na yatumike kwa vibao vya kukalia na kingo za bustani, jambo lililouchelewesha ukuta wa nyuma na kuwaudhi vijana waliokuwa wameyafyatua. Kuanzia hapo matofali yalipangwa kivulini, yakafunikwa nyasi zilizoloweshwa na juu yake nailoni, na maji yaliyohitajika yakapungua sana.

Paa lilipanda bila tatizo, ila fedha za gata na tanki la maji ya mvua zilihamishiwa kwenye choo, ambacho afisa ustawi wa jamii alikitaja kuwa sharti la kwanza. Uamuzi huo ulieleweka wakati ule. Tutaona gharama yake.

Plasta ya mbele

Kuta za tofali bichi zilipangwa kusiribwa kwa njia ya kijiji: udongo wa kichuguu, ambao ni laini na hukauka ukawa mgumu, huchanganywa na mchanga na samadi ya ng'ombe, huachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hupakwa mara mbili kwa mkono na kulainishwa kwa jiwe. Bibi aliyetajwa na wenzake walimaliza ukuta wa katikati kwa namna hiyo, na ulikuwa laini kiasi kwamba watoto walipenda kuupitishia viganja.

Uzinduzi ulipokaribia na wageni wa wilaya wakaalikwa, kamati ya ujenzi, ambayo wajumbe wake wote isipokuwa mmoja walikuwa wanaume, iliamua kwamba ukuta wa mbele upigwe plasta ya saruji na kupakwa rangi ili jengo lifanane na ofisi. Mbunifu hakuwapo. Bibi alisema kwamba saruji haishikani na tofali bichi, na maneno yake hayakuandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Fundi mmoja aliyekuwa na shaka alipendekeza wavu wa kuku upigiliwe kwanza, ukapigiliwa, na plasta ikawekwa juu yake.

Wiki hiyohiyo walezi waliweka ndoo mbili zenye bomba za kunawia mikono barazani, zikiegemea ukuta huo mpya. Palikuwa mahali panapofaa kwa mtoto: kivulini, karibu na mlango, sakafu ngumu. Kila siku watoto wote walinawa hapo kabla ya uji na baada ya choo.

Masika mawili

Katika masika ya kwanza kuta za matofali ya kufungamana hazikudhurika, isipokuwa upande wa nyuma, ambako maji yaliyomwagika kutoka kwenye bati lisilo na gata yalichimba mtaro na kurusha matope hadi kozi za chini. Mawe ya msingi yaliukinga ukuta. Wananchi walijaza mtaro kwa kokoto, na mwaka uliofuata gata na tanki vikafungwa. Bati hupokea lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba na kila milimita moja ya mvua, kwa hiyo paa la ukubwa ule huvuna makumi ya maelfu ya lita kwa msimu. Maji yaliyokuwa yakichimba msingi sasa yanapunguza foleni ya kisimani.

Plasta ya mbele ilionyesha nyufa nyembamba mapema. Katika masika ya pili, siku ya Jumamosi ambapo kituo kilikuwa kimefungwa, kipande chenye ukubwa wa mkeka wa kulalia kilibanduka pamoja na wavu wake na kuanguka barazani, hatua mbili kutoka kwenye ndoo za kunawia. Tulipoutazama ukuta, tofali la nyuma ya plasta lilikuwa na unyevu unaohisika, kidole kilizama humo bila kulazimisha, na kwenye mpaka wa unyevu palikuwa na ukungu mweupe wa chumvi. Ukuta wa katikati, uliosiribwa kwa kichuguu, ulikuwa na mikwaruzo ya viti na hakuna zaidi.

Kituo kilihamia chumba cha pili na upande wa nyuma. Plasta yote ya mbele ilibanduliwa, ukuta ukaachwa ukauke kiangazi kizima, kozi za chini zilizolainika zikatolewa kwa zamu, hatua fupi fupi, na kuwekwa matofali ya kufungamana mahali pake, kisha akina mama wakausiriba. Ndoo zilihamishiwa ukingoni mwa baraza, juu ya shimo la mawe, na mipapai ikapandwa ilikoelekea maji. Afisa ustawi wa jamii alikagua baada ya matengenezo na kituo kikaendelea na taratibu za usajili zinazotakiwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Uchambuzi

Kuta za majaribio zilikuwa uamuzi bora kuliko wote, pamoja na msimu zilioupoteza. Ziligeuza ubishi wa heshima na umaskini kuwa jambo la kuonekana kwa macho, na ziliwafundisha wote kwa pamoja, mbunifu akiwamo, kwamba kipande cha bati juu ya tofali bichi kina thamani kuliko mfuko wa saruji ndani yake. Shirika linalofadhili lisilokubali msimu huo huenda likalipa baadaye kwa ukarabati.

Sharti la mhandisi, ambalo lilionekana kama urasimu, liliuokoa ukuta wa nyuma. Kama upande ule ungekuwa wa tofali bichi, mwaka mmoja bila gata ungetosha kuuangusha. Hapa pana funzo la kiufundi kuhusu bajeti: katika jengo la udongo gata, upenu na mifereji ya kuondoa maji ni sehemu ya ukuta, na fedha zake hazipaswi kuwa fungu la kukopwa panapotokea upungufu. Choo kilihitajika kweli. Kilichopaswa kupunguzwa ni kitu kingine, kwa mfano jamvi la zege la baraza zima.

Kuanguka kwa plasta kuna sababu tatu zilizokutana. Saruji ni ngumu na haipitishi mvuke kwa wepesi, ilhali tofali bichi huvimba na kusinyaa kidogo kila unyevu unapobadilika, kwa hiyo viwili hivyo huachana, na wavu wa kuku huahirisha tu siku ya kuachana. Ufa ukitokea, maji huingia na hayana pa kutokea. Halafu zilikuwapo ndoo, ambazo zililowesha sehemu ileile kila siku ya mwaka, kiangazi na masika, bila mvua yoyote kuhusika. Mchoro ulikuwa umehesabu mvua kwa uangalifu mkubwa na haukuwa umemhesabu mtoto anayenawa. Katika jengo la watoto wadogo maji ya kunawia, ya kufulia na ya kudekia sakafu ni mengi kuliko ya nyumba ya kawaida, na mahali pake panapaswa kuchorwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Sababu ya ndani zaidi ni ya uamuzi. Aliyejua matokeo alikuwapo kikaoni na alisema. Ujuzi wake ulithaminiwa shimoni, wakati wa kuchagua udongo, kwa sababu pale mbunifu alikuwa anamuuliza; ulipuuzwa kwenye kamati, ambako hakuwa mjumbe. Kusiriba huchukuliwa kuwa kazi ya nyumbani ya wanawake, hivyo haikuhesabiwa kuwa ufundi, haikuwekewa msimamizi, na haikuwa na mtu wa kuitetea pale sura ya jengo ilipojadiliwa. Naona kosa hili katika miradi mingi ya ujenzi wa udongo: fundi mwashi anapewa mkataba, msiribaji anapewa shukrani.

Jambo hilo linagusa pia hesabu ya gharama. Ripoti ya shirika ilionyesha kwamba jengo lilikuwa nafuu kuliko la matofali ya saruji, na ni kweli kwa upande wa fedha taslimu. Lakini siku za akina mama za kuchota maji, kuchanganya na kusiriba hazikuandikwa popote, na kuta za tofali bichi zitahitaji kupakwa upya kila baada ya misimu michache kwa muda wote wa uhai wa jengo. Baada ya matengenezo, kamati ya kituo ilikubali kutenga sehemu ya michango ya wazazi kwa ajili ya kuwalipa wasiribaji kabla ya kila masika, na bibi aliingizwa kwenye kamati pamoja na mwanafunzi wake wa kazi. Makubaliano hayo mpaka sasa ni ya mdomo. Yanapaswa kuingizwa kwenye kanuni za kituo na kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, yakitaja kuta zinazohusika, mwezi wa kukagua, mchanganyiko unaoruhusiwa na kiwango cha malipo, ili mtendaji mpya au kamati mpya itakapotamani plasta ya saruji kwa ajili ya ugeni mwingine, pawepo na karatasi ya kuwaonyesha.